Birika la Nantes: Swali la Joto katika Kuhifadhi Umeme kwa Hewa

Mwaka 1879 jiji la Nantes, magharibi mwa Ufaransa, lilianza kuendesha tramu zisizovutwa na farasi wala kutoa moshi. Chini ya sakafu ya kila behewa kulikuwa na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa kituoni, na hewa hiyo ndiyo iliyosukuma pistoni. Karibu na dereva lilisimama tangi la maji ya moto. Hewa ikitoka mitungini haikwenda moja kwa moja kwenye silinda. Ilipitishwa kwanza ndani ya maji yale, ikapanda kwa mapovu, ikatoka imebeba joto na mvuke. Mbuni wake, Louis Mékarski, hakuliweka tangi hilo kwa urembo. Bila hilo silinda zingeshika barafu na behewa lingeishiwa nguvu mapema. Kwa Kiswahili cha jikoni tungeliita birika, na birika hilo lilichapa kazi Nantes hadi 1917.

Mjadala mzima wa kuhifadhi umeme kwa hewa umo ndani ya birika lile. Watu wakielezwa habari hii kwa mara ya kwanza, kwamba umeme wa ziada unaendesha kompresa, kompresa inajaza hewa ndani ya pango, na umeme ukihitajika hewa inafunguliwa izungushe turbini, huuliza kuhusu pango: liko wapi, lina ukubwa gani, halitavuja? Maswali ya haki, lakini yana majibu tangu zamani. Swali lililowasumbua wahandisi, likala fedha na kuua kampuni, ni la joto. Ukishindilia hewa inakuwa ya moto. Joto lile unalipeleka wapi? Na siku ya kuifungulia hewa, joto la kuirudishia utalitoa wapi?

Aliyewahi kusubiri pancha izibwe pembeni mwa barabara anajua kwamba kichwa cha kompresa ya fundi hakishikiki. Hakuna moto pale; ni hewa tu inayobanwa. Tangi lenyewe baada ya muda hupoa, na fundi anayeijali mashine yake hufungua koki ya chini mara kwa mara kumwaga maji yaliyojikusanya, kwa kuwa hewa iliyobanwa na kupoa haiwezi kushikilia unyevu wote iliokuja nao. Sasa chukua kazi hiyo hiyo na uikuze. Hewa ya nyuzi 20 ukiishindilia kwa mkupuo mmoja hadi shinikizo mara 70 ya lile la kawaida, kanuni za fizikia zinasema itafika zaidi ya nyuzi 700. Hapo chuma cha kawaida kinaanza kulegea. Na ukiiacha hewa hiyo ipoe pangoni hadi nyuzi 20, kisha uifungulie kwa mkupuo mmoja, itashuka zaidi ya nyuzi 180 chini ya sifuri, karibu na pale ambapo hewa yenyewe hugeuka kimiminika. Hakuna turbini ya kawaida itakayokubali kulishwa hewa kama hiyo.

Hesabu ya kilo moja ya hewa inaonyesha hasara ilivyo. Kilo moja ni hewa isiyojaza hata sanduku la mita moja kila upande. Kuishindilia kwa mkupuo hadi mara 70, kwa mashine isiyo na dosari hata moja, kunagharimu karibu kilojuli 700. Ukiacha joto lipotee kisha ukaifungulia ikiwa baridi, utavuna kilojuli zaidi kidogo ya 200. Umeweka kumi, umerudishiwa tatu. Mashine halisi, yenye msuguano na kuvuja, haitafikia hata hizo tatu.

Hapa lugha yetu inatusaidia na kutuponza kwa pamoja. Mtaani neno joto linabeba mambo mawili ambayo shuleni tulifundishwa kuyatenganisha: joto, yaani kiasi cha nishati, na halijoto, yaani ukali wake unaosomwa kwenye kipimajoto. Pipa la maji ya kuoga lina joto jingi kuliko msumari uliotoka kwenye moto wa mhunzi, ingawa msumari ndio utakaokuunguza. Msomaji aishike tofauti hiyo, maana ndiyo iliyokuja kuamua nani afaulu na nani afilisike.

Ipo pia kweli moja inayowashangaza hata waliosoma. Kwa gesi kama hewa, nishati iliyomo ndani yake hutegemea halijoto, si shinikizo. Kilo ya hewa iliyobanwa pangoni na kupoa ina nishati karibu sawa na kilo ya hewa inayopita dirishani kwako. Umeme wote uliotumika kuibana umekwishatoka kama joto. Kilichobaki pangoni ni uwezo, kama upinde uliovutwa: hewa ile iko tayari kugeuza joto kuwa kazi, ili mradi ipewe joto. Kwa hiyo anayesema kwamba pango limehifadhi umeme wake amekosea kidogo. Pango limehifadhi nafasi ya kuupata tena. Umeme wenyewe, kwa maana ya nishati, uliondoka na joto.

Joto hilo lina njia mbili za kurudi. Ya kwanza ni ya Nantes: libebe pamoja na hewa. Ya pili ilionekana Paris zama hizo hizo, ambako Victor Popp alisambaza hewa ya shinikizo kwa mabomba chini ya barabara, mwanzoni kwa ajili ya saa za mitaani, baadaye kwa karakana. Wateja wa Paris waliipasha hewa kwa jiko dogo kabla haijaingia kwenye mota. Yaani joto la mwanzo liache liende, kisha nunua jingine. Umeme wa kisasa ulianza kwa kufuata njia ya Paris.

Kituo cha kwanza kikubwa kilifunguliwa mwaka 1978 Huntorf, kaskazini mwa Ujerumani. Wajerumani walitoboa tabaka la chumvi mamia ya mita chini ya ardhi, wakaiyeyusha kwa maji na kupata mapango mawili yenye ujazo wa jumla wa takriban mita za ujazo 310,000. Kituo kilikuwa na uwezo wa megawati 290, baadaye kikaongezwa hadi 321. Usiku kompresa zilijaza hewa kwa saa nane hivi; mchana kituo kilitoa umeme kwa saa mbili au zaidi kidogo. Joto la kompresa lilitupwa nje kupitia vipoza, hewa ikaingia pangoni ikiwa na nyuzi 50 hivi. Kulikuwa na sababu. Chumvi, ngumu kama tunavyoiona, huko chini hujongea polepole kama unga uliokandwa, na ikipashwa hulegea zaidi. Hewa ya nyuzi mia kadhaa ingeliharibu pango.

Wakati wa kutoa umeme, hewa ya Huntorf hukutanishwa na gesi asilia inayochomwa, ndipo huingia kwenye turbini. Hesabu yake ni ya wazi: kwa kila kilowati-saa moja inayotoka, 0.8 ziliingia kama umeme na 1.6 kama gesi. Ufanisi ni asilimia 42. Sioni kosa kukiita kituo hicho mtambo wa gesi uliotanguliziwa kazi yake nzito usiku, kwa sababu mtambo wa kawaida wa gesi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kubana hewa yake yenyewe. Kwa miaka ya 1970, gesi ikiwa rahisi na mitambo ya nyuklia ikihitaji msaada wa haraka gridi ikizimika, ulikuwa uamuzi wa akili. Kwa anayetaka kuachana na gesi, ni nusu ya jibu.

McIntosh, katika jimbo la Alabama, ilifuata mwaka 1991: megawati 110 kwa saa 26. Wamarekani waliongeza kitu kimoja, kibadilisha joto kinachonasa moshi wa moto unaotoka kwenye turbini na kuipasha hewa baridi inayopanda kutoka pangoni. Gesi ikapungua kwa karibu robo, ufanisi ukapanda hadi asilimia 54. Hatua nzuri, lakini joto lililookolewa pale ni la gesi. Lile la kompresa liliendelea kumwagwa. Kisha dunia ikakaa miaka thelathini hivi bila kuongeza kituo kikubwa cha hewa.

Njia ya Nantes ilirudi mezani mwaka 2010, tena kwa kishindo. Kampuni ya umeme ya RWE, pamoja na General Electric, wajenzi wa Züblin na kituo cha anga cha Ujerumani DLR, walitangaza mradi wa ADELE: megawati 90, megawati-saa 360, bila gesi hata chembe. Hewa ingetoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 600 hivi, ikapitishwa katika tangi kubwa lililojaa mawe au matofali ya kauri, ikayaachia joto lake, ikashuka pangoni ikiwa imepoa. Kurudi, ingepita mawe yale yale kwa upande wa pili. Lengo lilikuwa ufanisi wa asilimia 70. Tulio na umri wa kuikumbuka mofa ya bibi tunajua udongo unavyotunza moto hata kuni zikiisha, na kwa kweli upande wa mawe haukuwa mgumu kuufahamu.

Ugumu ulikuwa kwingine. Kwanza, kompresa. Hakukuwa na kompresa sokoni ya kutoa hewa kali namna ile kwa shinikizo lile, kwa sababu kwa zaidi ya karne watengenezaji wameziunda kompresa zipoe, maana hewa baridi hubanwa kwa kazi ndogo. Kuomba kompresa ya nyuzi 600 ni kuwaambia wafute walichojifunza. Pili, tangi. Mawe yakikaa ndani ya hewa yenye shinikizo mara mia moja hivi, ukuta wa tangi unapaswa kuvumilia shinikizo na moto kwa wakati mmoja. Tena mawe yana tabia zao: tangi likipata moto hutanuka, mawe yakajipanga upya na kushuka, likipoa hubana, mawe nayo hayasogei, yakausukuma ukuta kutoka ndani. Fanya hivyo kila siku kwa miaka thelathini. Tatu, biashara. Umeme wa jua ulipoongezeka Ujerumani, bei ya mchana ikashuka, na pengo kati ya bei ya usiku na ya mchana, ambalo ndilo mshahara wa kila ghala la umeme, likafinyika. ADELE haikujengwa.

Waswisi walijibu tatizo la tangi kwa ujanja ninaoupenda kuliko yote katika habari hii. Mwaka 2016, karibu na Biasca, walichukua kipande cha handaki kilichoachwa baada ya ujenzi wa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, wakaziba ncha zake kwa zege, na kuweka chombo cha mawe humo humo ndani. Shinikizo likawa sawa ndani na nje ya chombo, hivyo ukuta wake hauna unachobeba zaidi ya mawe. Mlima ndio unaobeba. Mawe yalipashwa hadi nyuzi 550 na yakafanya kazi. Shinikizo lenyewe, hata hivyo, lilibaki dogo, mara saba hivi ya hewa ya kawaida. Lilikuwa jaribio, si kituo.

Wengine waliona ni heri kulizuia joto kabla halijakua. Ukibana hewa taratibu huku ukiiondolea joto papo hapo, ile kilo yetu inahitaji kilojuli 360 hivi badala ya 700, na kinadharia utazirudishiwa zote. LightSail ya California ilinyunyiza maji ndani ya silinda wakati wa kubana; SustainX iliyachanganya maji na hewa kuwa povu, ikasimamisha mtambo wa megawati 1.5 huko New Hampshire mwaka 2013. Kwenye karatasi hakuna njia iliyo safi zaidi. Lakini kunyunyiza matone madogo na mengi kiasi hicho, kwa kasi ya pistoni, kila sekunde, nako kunakula nguvu na kuchosha mashine. SustainX iliunganishwa na kampuni nyingine mwaka 2015. LightSail ikahamia kwenye biashara ya matangi, kisha ikazimika.

Baada ya haya yote, walioendelea ni wale walioshusha tamaa. Badala ya kubana kwa mkupuo mmoja, bana kwa hatua, na kila baada ya hatua ipoze hewa na ulitunze joto lake. Kwa hatua mbili, kila hatua inaifikisha hewa nyuzi 265 hivi. Kwa tatu, 166. Kwa nne, takriban 124, na kazi ya kuibana kilo yetu inashuka kutoka karibu 700 hadi kilojuli 420. Halijoto imeporomoka, lakini joto, kiasi chenyewe, bado lipo jingi, na sasa limekuwa la kiwango kinachohifadhika kwa vitu vya kawaida. Nyuzi 265 ni kazi ya mafuta maalumu ya viwandani. Nyuzi 166 ni kazi ya maji, mradi yafungiwe kwa shinikizo mara nane hivi yasichemke. Ni sufuria ya presha, ila ya ukubwa wa jengo. Na maji hayana mpinzani: kilo ya maji inabeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja, mafuta karibu nusu yake, jiwe halifiki hata moja. Kompresa zinazohitajika zipo viwandani, na chuma chake ni cha kawaida.

Gharama yake ni vibadilisha joto. Kila hatua inahitaji kimoja wakati wa kwenda na kingine wakati wa kurudi, na kila kimoja kinatoza ushuru wa nyuzi kadhaa, kwa kuwa joto halihami pasipo tofauti ya halijoto. Hatua nyingi, ushuru mwingi. Hatua chache, moto mkali usioshikika. Mahali pa kusimama kati ya hayo mawili hapaamuliwi na fizikia peke yake. Bei ya chuma na urahisi wa kupata mashine vina kauli kubwa zaidi.

Kampuni ya Hydrostor ilifungua mtambo wa namna hiyo Goderich, Ontario, mwaka 2019: megawati 1.75 tu, lakini bila gesi. Inapanga vituo vya megawati 200 Broken Hill, Australia, na 500 katika kaunti ya Kern, California. Walioichukua mbio ni Wachina. Mwaka 2022, kituo cha Jintan, katika jimbo la Jiangsu, kilianza kutoa megawati 60 kutoka pango la chumvi, joto likitunzwa kwenye mafuta, kwa kazi iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Tsinghua. Mwaka huo huo kituo cha Zhangjiakou kikafikia megawati 100. Mwaka 2024 Feicheng, jimbo la Shandong, ikaunganishwa kwenye gridi ikiwa na megawati 300 kwa saa sita. Wenye vituo wanataja ufanisi wa asilimia 70.4 kwa Zhangjiakou na 72.1 kwa Feicheng. Ni takwimu zao wenyewe, na msomaji azipokee hivyo. Hata ukizipunguza kidogo, lile lengo ambalo ADELE ililitafuta kwa nyuzi 600 limekaribiwa kwa joto la kiasi.

Je, joto litadumu hadi lihitajike? Swali hili huulizwa sana na halistahili hofu yote linayopewa. Chupa ya chai iliyojazwa alfajiri bado inakuridhisha adhuhuri. Kesho yake chai ni ya uvuguvugu. Tangi kubwa ni chupa iliyo bora zaidi, kwa sababu kadiri chombo kinavyokua ndivyo eneo la kuvujishia joto linavyopungua ukililinganisha na ujazo. Kwa mzunguko wa siku moja, hasara ni ndogo. Lakini hewa inaweza kukaa pangoni miezi bila kuharibika, na joto haliwezi. Kituo kinachobeba joto lake, basi, ni cha leo kwa kesho. Anayetaka kuweka upepo wa masika autumie kiangazi atafute njia nyingine, au arudi kwenye gesi.

Mshindani wa kweli ni betri ya lithiamu, ambayo inarudisha asilimia 85 au zaidi, haihitaji jiolojia, na inaendelea kushuka bei. Kwa saa mbili hadi nne za kuhifadhi, sioni hewa ikishinda. Inaanza kuwa na hoja saa zinapozidi hapo, kwa kuwa kuongeza saa kwenye betri ni kununua betri nyingine, ilhali kuongeza saa kwenye hewa ni kupanua pango na kuongeza maji ya moto. Mashine zinabaki zile zile.

Na kwetu? Kenya ina upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, unaovuma sana usiku watu wakiwa wamelala, na Olkaria mvuke wa ardhini umekuwa ukiachiliwa hewani saa za usiku kwa kukosa mnunuzi. Ni nchi chache duniani zinazomwaga joto lililo tayari la kiwango kile kile ambacho wengine wanajenga matangi kulihifadhi. Hata maji yanayotenganishwa na mvuke na kurudishwa ardhini bado ni ya moto, na yanaweza kuipasha hewa inayotoka kwenye tangi bila kuchoma kitu. Wazo hilo lastahili hesabu ya wahandisi wa Naivasha. Tanzania iko katika hali tofauti: ikiwa na bwawa la megawati 2,115 Rufiji, haina haraka, kwani kuyaacha maji bwawani jua linapowaka ni ghala la umeme lisilohitaji kompresa wala pango.

Huntorf bado iko kazini. Karibu nusu karne tangu ifunguliwe, joto la kompresa zake lingali likitupwa nje, na hewa yake ingali ikipashwa kwa gesi.